Mthamini wa Wasit na Bakuli Lisilo na Nakshi

Wametusimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit, zama za watu walioogopa kiapo kuliko walivyoogopa upanga, aliishi mtu aliyeitwa Mundhir bin Sulaym. Kazi yake ilikuwa kuthamini vyombo vya udongo. Mfanyabiashara akiingiza sokoni shehena ya mabakuli na mitungi, hakuuza kitu mpaka Mundhir avipitie vyote na kusema kipi ni kizima, kipi kina ufa usioonekana, kipi kimefinyangwa na fundi mwenyewe na kipi kimeigizwa na mjanja aliyechora alama ya fundi chini yake. Chombo alichosema kina ufa kilivunjwa papo hapo mbele ya watu, wala hakuna aliyebishana naye, kwa kuwa hakupata kupokea zawadi ya muuzaji wala kula chakula cha mnunuzi.

Wengine katika kazi ile walitazama nakshi. Mundhir alisema nakshi huigizwa na yeyote mwenye kalamu na subira. Yeye alikigeuza chombo chini juu akapapasa kitako, akatia vidole ndani na kufuata mistari iliyoachwa na vidole vya mfinyanzi udongo ulipokuwa ukizunguka, kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mara nyingi alifanya hivyo akiwa amefumba macho. Alikuwa akimtafuta mtu ndani ya udongo, na kwa idhini ya Mola wake alimpata.

Mundhir alichelewa kuoa. Ndevu zake zilikuwa zimeshaanza kuingia mvi alipomposa Lubaba binti Harith, mjane wa mfinyanzi mmoja mashuhuri wa mji ule aliyeitwa Ghalib. Huyo Ghalib alitoka na msafara kwenda kuuza vyombo vyake, na msafara ukavamiwa na wanyang'anyi njiani. Baadhi ya maiti walipatikana, baadhi hawakuonekana, na yeye alikuwa miongoni mwa wasioonekana. Lubaba akamngoja. Kadhi alimwekea muda wa miaka minne, kama walivyosema wanazuoni kuhusu mke wa mtu aliyepotea, na muda ulipokwisha bila habari yoyote, akahukumu kwamba Ghalib amekufa. Lubaba akakaa eda ya kufiwa, akalia kilio chake mpaka kikaisha. Baada ya hapo ndipo Mundhir alipopeleka posa, na katika ndoa ile akapata utulivu ambao hakuwahi kudhani umeandikiwa mtu kama yeye. Ilikuwa desturi yake kusimama kidogo nje ya mlango wake kila jioni, kumshukuru Mwenyezi Mungu kabla ya kubisha.

Basi asubuhi moja alifika sokoni mfanyabiashara wa Ahwaz, jina lake Shaddad, na mzigo wa vyombo vya udongo mwekundu vilivyofungwa kwa makuti makavu. Havikuwa vyombo vya wakubwa. Yalikuwa mabakuli ya kulia mchuzi na vitungi vya maji, vitupu, bila ua wala mstari wa rangi. Mundhir akaketi, akaanza kuvipitisha mkononi kimoja kimoja, akisema, "Kizima. Kizima. Hiki kina ufa. Kizima."

Akatwaa bakuli jingine, akalipindua, na kidole gumba chake kikazama ndani ya kishimo kidogo upande mmoja wa kitako.

Aliingiza vidole ndani ya bakuli akaufuata mstari wa mfinyanzi kutoka katikati kwenda juu. Mstari ulizunguka kinyume. Wafinyanzi wote aliowajua walizungusha gurudumu upande mmoja, isipokuwa mmoja aliyekuwa wa mkono wa kushoto. Akashika ukingo, akaukuta umevutwa ndani kidogo kama mdomo wa mtu anayetaka kusema akajizuia. Akapima uzito wa sehemu ya chini, ambako mafundi wengi huacha udongo mwingi kwa kuogopa bakuli lisije likaporomoka, naye akaikuta nyembamba mno. Kwa miaka mingi alithamini vyombo vya Ghalib, enzi Ghalib akiwa hai, na mkono huu aliujua kama unavyoijua sauti ya jirani yako nyuma ya ukuta.

"Tanuri la vyombo hivi lilifunguliwa lini?" akauliza.

"Mwezi huu huu," akajibu Shaddad. "Vilikuwa bado vina joto tulipovifunga. Kwani hilo lina ufa?"

Wanasema waliosimulia kwamba kinywa cha Mundhir kilifunguka kusema ndiyo. Neno moja tu, na bakuli lingevunjwa, na vigae vyake vingetupwa pamoja na vigae vya mengine. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kulisoma bakuli lile. Ghalib alijulikana na watu kwa nakshi zake, kwa ndege wa samawati na majani ya kijani, na bakuli hili halikuwa na hata nukta. Mundhir alikaa na kinywa wazi mpaka Shaddad akadhani ameugua.

"Halina," akasema mwishowe. "Ni zima. Nitalinunua mimi."

Akalifunga ndani ya kilemba chake, akaenda nyumbani kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku hiyo hakusimama nje ya mlango.

Lubaba alikuwa ameketi sebuleni akichambua dengu kwenye ungo. Alipomwona uso alisimamisha mkono.

"Ewe Lubaba," akasema Mundhir, "nina neno. Na kabla sijalisema, ujue kwamba nilitamani kulificha, na kwamba bado natamani."

Akalifungua bakuli akaliweka mbele yake. Hakuhitaji kueleza sana. Mwanamke yule alikuwa ameosha mabakuli ya mkono ule miaka yote ya ujana wake. Alilitazama bila kuelewa, kisha akatia kiganja ndani ili alisogeze, na kiganja kikabaki humo. Ungo ukateleza magotini mwake na dengu zikatawanyika sakafuni.

"Ni jipya hili," akasema.

"Ni jipya."

"Nilikaa eda, Mundhir."

"Ulikaa."

"Nilimlilia mtu ambaye wakati huo huo alikuwa akifinyanga mabakuli."

Lubaba aliinuka, akachukua ushungi wake, akaenda mpaka mlangoni na hapo akasita. "Ungeweza kunyamaza," akasema bila kugeuka.

"Ningeweza."

"Kwa nini basi?"

"Ningekutazama usoni vipi?"

Lubaba akatoka, akaenda kwa shangazi yake, wakakubaliana kwamba atakaa huko, yeye na Mundhir wasikaribiane, mpaka ukweli ujulikane. Mundhir akapiga magoti, akaokota dengu zile moja moja, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine.

Kesho yake alikwenda kwa Kadhi, mzee mcha Mungu ambaye ndiye aliyetoa hukumu ya kifo cha Ghalib, akamweleza habari yote na kumwekea bakuli mbele yake. Kadhi aligutuka. Akaligeuza geuza bakuli, akalirudisha.

"Ewe Mundhir, Mwenyezi Mungu akuhifadhi. Katika vyombo, neno lako ni hoja kwangu. Lakini siwezi kutengua hukumu na kuvunja ndoa kwa kitako cha bakuli. Hakuna shahidi aliyemwona mtu huyu. Labda alikuwa na mwanafunzi aliyemwiga, labda yuko mfinyanzi mwingine wa mkono wa kushoto. Kwa hukumu ya sheria, Lubaba ni mkeo wa halali. Mrudishe nyumbani, na moyo wako utulie."

Hebu fikiri. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake na aliyeufungua ni Kadhi mwenyewe. Mundhir alitamani kuibusu mikono yake, na miguu yake ilikwisha kugeuka kuelekea kwa shangazi wa Lubaba. Alifika nusu ya uwanja akasimama. Kisha akarudi.

"Ewe Kadhi," akasema, "umehukumu kwa unachokijua, na Mwenyezi Mungu atakulipa. Lakini mimi nitaulizwa kwa ninachokijua mimi. Nipe idhini nisafiri."

Kadhi akamwombea dua ya msafiri.

Mundhir akafuatana na Shaddad alipokuwa akirejea Ahwaz. Njia nzima swali moja lilimtafuna: mtu yule mwenye nakshi zisizo na mfano, kwa nini ameacha kuchora? Na kila alivyolifikiri ndivyo jibu lilivyozidi kuwa baya. Akajiambia kwamba Ghalib anajificha. Ameacha nakshi ili asitambulike, pengine ana mke mwingine na watoto, na Lubaba alilia bure kwa ajili ya mtu asiye na haya. Walipouona mji alikuwa ameshaanza kumchukia, na ndani ya chuki ile alipata faraja, kwani mtu wa namna ile Kadhi hangemrudishia mke kwa wepesi.

Shaddad akamwonyesha karakana nje ya mji, karibu na mashimo ya udongo, akaenda zake. Mundhir akaingia. Kwenye gurudumu aliketi mtu aliyekonda, kichwa kimeinamishwa kando kama anayesikiliza jambo la mbali, mguu ukisukuma gurudumu na mikono ikipandisha udongo. Mundhir alimtambua mara moja. Alikuwa Ghalib, bila shaka yoyote. Akakaa kimya, akimsubiri ainue macho ili aone jinsi atakavyoshtuka.

Ghalib hakuinua macho. Nzi alitua kwenye kope yake na kope haikucheza.

Ndipo Mundhir alipotazama vizuri. Macho yale yalikuwa meupe kama maziwa. Ile chuki aliyoibeba njia nzima ikamdondoka, na kwa fadhaa mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya: akagonga mtungi uliokuwa kando yake kwa kifundo cha kidole, kama anayetafuta ufa.

Kichwa cha mfinyanzi kikainuka.

"Anayegonga hivyo namjua," akasema Ghalib polepole. "Ni mmoja tu. Mundhir bin Sulaym, mthamini wa Wasit."

Mundhir aliyekuja kumgundua mtu akawa yeye ndiye aliyegunduliwa, akaketi juu ya udongo mbichi.

Ghalib hakumuuliza amefikaje. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Lubaba yu hai?"

"Yu hai, na mzima, alhamdulillahi."

Mikono ya Ghalib haikutoka kwenye udongo. "Ameolewa?"

"Ameolewa."

Akapumua. "Na mtu mwema?"

"Hilo sina haki ya kulijibu," akasema Mundhir. "Ameolewa na mimi."

Gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, na chombo kilichokuwa kikipanda kikapinda upande mmoja, kikaanguka juu ya vidole vya mwenyewe.

Gurudumu liliposimama, Ghalib akamsimulia. Wanyang'anyi walimpiga kichwani wakamwacha wakidhani amekufa. Wapita njia wakamwokota wakamleta Ahwaz, na katika ugonjwa ule nuru ya macho ikawa inapungua siku baada ya siku. Alimtuma hujaji mmoja apeleke salamu Wasit, lakini jibu halikurudi, wala hakujua kama salamu zilifika. Kabla hajapata mjumbe mwingine, nuru ikazimika kabisa, na hapo akaacha kutuma. Mwenye karakana akampa mahali pa kulala kwa kazi ya mikono yake.

"Nilimhurumia," akasema Ghalib. "Niliona afadhali awe mjane aliye huru kuliko kuwa mtumishi wa kipofu maisha yake yote."

"Ulimthamini bila kumuuliza," akasema Mundhir, na hakuwa na hasira tena. "Alikungoja miaka minne, Ghalib. Alikuwa akienda lango la mji kila msafara ulipoingia."

Ghalib aliinamisha uso. Alilia mpaka udongo mikononi mwake ukakauka na kupasuka. Mundhir akamletea maji, akamwosha mikono, akamwambia, "Twende nyumbani."

Wakasafiri pamoja, Mundhir akimshika mkono kwenye vivuko na kumtengea chakula. Walipoingia Wasit watu walisimama njiani kama walioona kaburi likifunguka. Mwanamke mmoja aliangusha mtungi wake na hakuutazama.

Kadhi alipoletewa Ghalib alimpapasa uso kwa mkono wake, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Nilihukumu kwa nilichokuwa nacho. Leo Mwenyezi Mungu ameniletea nisichokuwa nacho." Kadhi huyo alikuwa akifuata kauli ya wanazuoni wasemao kwamba mume aliyepotea akirudi na kumkuta mkewe ameolewa, hupewa hiari: amrejee mkewe, au arudishiwe mahari aliyotoa na ndoa ya pili ibaki. Akamwita Lubaba, akamketisha nyuma ya pazia, kisha akamuuliza Ghalib anachagua nini.

Na watu wote katika baraza lile walidhani wanajua jibu. Waliona jinsi Mundhir alivyomwongoza kipofu yule kwa mkono mpaka pale, wakasema mioyoni mwao, sasa naye atamlipa wema kwa wema, atamwachia mke, na kisa kitaisha vizuri.

"Namtaka mke wangu," akasema Ghalib.

Sauti ya mshangao ikapita barazani. Na kati ya walioshtuka, hapakuwa na aliyeshtuka kama Mundhir. Kwa maana wakati ule ndipo alipogundua kwamba njia nzima, kila alipomshika mkono Ghalib na kila alipommegea mkate, moyo wake ulikuwa ukifanya biashara na Mola wake. Alikuwa ametoa mke kwa ulimi, akingoja kurudishiwa. Alijiona ametoa kila kitu, kumbe alikuwa amekopesha. Jambo hilo lilimtisha kuliko hasara yenyewe, akaomba msamaha kimoyomoyo.

Kadhi, aliyeona rangi yake ilivyobadilika, akageukia kwenye pazia. "Na wewe, binti yangu, una neno?"

Sauti ya Lubaba ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia yote. "Nina neno kwa kila mmoja. Ghalib alinificha uhai wake, nami nitamdai hilo kwa siku nyingi, asidhani nimesahau. Mundhir hakunificha hata kitu ambacho kingemfaa yeye kukificha, na sijapata kuishi na mtu mkweli kuliko yeye. Lakini nilimwomba Mola wangu amrudishe Ghalib, kwa miaka minne, usiku na mchana. Leo amemrudisha. Sitamwambia Mola wangu kwamba amechelewa."

Kadhi akahukumu. Lubaba akakaa eda ya kuachana na Mundhir kwa shangazi yake, na ilipokwisha akarudi kwa Ghalib, katika nyumba yao ya zamani. Mundhir akarudi sokoni, akawa anavipitia vyombo vya watu kama zamani, akisema hiki kizima, hiki kina ufa.

Nyumba ile ya Ghalib ilikuwa mtaa wa pili, na njia yake ya kwenda msikitini ilipita mbele ya mlango wa Mundhir. Kila alfajiri Mundhir alisikia fimbo ikigonga mawe ikija. Naye alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akingoja fimbo ipite na iende mbali, ndipo atoke. Alikuwa akiswali nyuma kabisa ya msikiti, na swala haikuwa na ladha kinywani mwake.

Ikaja siku ya mvua na njia ikawa matope. Akaisikia fimbo ikija, ikisita, kisha akasikia mtu akianguka. Hakuna aliyepiga ukelele. Palikuwa na sauti ya mikono ikipapasa kwenye maji, ikitafuta fimbo. Mundhir alifungua mlango.

Ghalib alipoguswa mkono aliutambua mara moja. "Mundhir," akasema. "Nilidhani umehama mtaa."

"Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Ghalib hakumlaumu. Alisimama, akamfuta matope kwenye mkono ule ule aliokuwa ameushika, na wakaenda pamoja. Kutoka siku hiyo Mundhir hakumngoja apite. Alimngojea nje.

Enyi ndugu zangu, tumezoea visa ambavyo mkweli hutoa kimoja akarudishiwa viwili kabla hatujamaliza kusikiliza. Waliotupokeza hiki hawakutaja kwamba Mundhir alioa tena, wala kwamba alipata mali, wala kwamba aliota ndoto ya bishara. Walichotaja ni kwamba wageni waliokuja kuswali katika msikiti ule waliwaona watu wawili wazima wakiingia wameshikana mikono, wakadhani ni ndugu wa mama mmoja, na wenyeji hawakuwasahihisha. Basi ukiijua kweli, iseme, na usisimame mlangoni kungoja malipo yake. Mwenyezi Mungu akitaka kukulipa hapa, njia ya nyumbani kwako anaijua. Na asipokulipa hapa, hajakusahau.